Dodoki: likiwa changa ni mboga, likizeeka ni sifongo

Kila picha ya dodoki kavu inaposambaa mitandaoni, mabishano huwa ni yale yale. Yupo atakayeapa kuwa kile ni kiumbe wa baharini aliyeanikwa juani. Yupo atakayesema ni kitu cha kiwandani, kwa kuwa nyuzi zilizosukana vile haziwezi kuota shambani. Aliyewahi kuupanda mmea wake atalalamika kwamba ulijaa maua ya njano tele, yakapukutika yote bila kuacha tunda hata moja. Na hakosekani wa kuonya kuwa ukiupanda jirani na matango, matango yako yatakuwa machungu.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inatokana na kulijua dodoki kwa umri wake mmoja tu. Anayelikuta bafuni analikuta limeshakauka. Anayelipika hakuwahi kuliacha lizeeke. Mkulima naye hupewa mbegu bila kuelezwa kuwa mmea huu una ratiba yake, na asiyeijua ratiba hiyo hudhani mmea unaumwa kumbe uko sawasawa.

Tuanze na majina. Dodoki ni tunda la mdodoki, mmea unaotambaa ulio wa familia moja na matango, maboga na matikitimaji. Wataalamu wa mimea huiita familia hiyo Cucurbitaceae, nayo ina jenasi zipatazo 95 zenye spishi karibu 1,000. Spishi ni aina moja ya kiumbe ambayo wana wake huzaana wao kwa wao bila taabu. Jenasi ni kundi la spishi zenye nasaba ya karibu. Midodoki yote iko katika jenasi ya Luffa, na humo spishi mbili ndizo zinazolimwa zaidi. Ya kwanza ni Luffa aegyptiaca, ambayo vitabu vingine huiita Luffa cylindrica. Tunda lake ni refu, ganda lake ni laini lenye mistari iliyofifia, na ndilo linalotoa sifongo nzuri. Ya pili ni Luffa acutangula, ambayo tunda lake lina migongo kumi iliyochongoka kuanzia kwenye kikonyo hadi kwenye ncha. Hii hulimwa hasa kwa ajili ya kuliwa.

Ndugu wengine wa familia hiyo wako mbali kidogo. Mung'unye, ambalo likikomaa na kukauka huwa kibuyu, ni Lagenaria siceraria. Karela ni Momordica charantia. Maboga yako kwenye jenasi ya Cucurbita, na tango ni Cucumis sativus. Tutayarudia majina haya tutakapofika kwenye suala la uchungu, kwa sababu pale ndipo tofauti ya jenasi inapoanza kuwa na maana kwa mtu wa kawaida.

Kuhusu bahari, jibu ni fupi. Ipo sifongo ya baharini, na hiyo ni mnyama anayeishi akiwa amejishikiza kwenye miamba. Haina uhusiano wowote na dodoki. Zimekutanishwa na matumizi tu: zote mbili hutumika kuogea.

Sasa nyuzi zile zinatoka wapi? Dodoki changa limejaa nyama laini yenye maji mengi, na ndani ya nyama hiyo mna mtandao wa mishipa inayopitisha maji na chakula kutoka kwenye kikonyo kwenda kwenye mbegu. Mishipa ya namna hii imo katika kila tunda. Upekee wa dodoki ni wingi wake na yale yanayoipata tunda linapozeeka: kuta zake huongezeka unene na kujaa lignini, dutu ile ile inayoupa mti ugumu wake. Nyama inayoizunguka hukauka na kusinyaa mpaka inakuwa vumbi la kupukuta. Inabaki mishipa mitupu. Dodoki lililovunwa mapema mno halina nyuzi kwa sababu hiyo hiyo. Hazijafichwa mahali, bado hazijakomaa.

Ukilipata dodoki kavu lililokwisha kumenywa, likate katikati kwa upana kisha uchungulie. Mara nyingi utaona matundu makubwa matatu yanayopita kwa urefu, na humo ndimo mbegu zilimokaa. Nyuzi za nje zimelizunguka tunda, za ndani zimelala kwa urefu, na mpangilio huo wa kukingana ndio unaolifanya lisipasuke kirahisi ukilibana. Kwenye ncha ya chini utakuta alama ya kifuniko kidogo cha mviringo. Tunda likiachwa lining'inie mpaka likauke kabisa, kifuniko hicho hudondoka chenyewe, na kila upepo unapolitikisa tunda, mbegu nyeusi bapa humwagika chini. Hivyo ndivyo mdodoki unavyojipanda bila msaada wa mtu. Kwangu mimi, kifuniko hicho ni ushahidi wa kutosha kwa yeyote anayedhani dodoki limefumwa na mashine.

Watu hushangaa pia kwamba dodoki kavu ni gumu la kukwaruza, lakini likilowa linalainika, na lile lililobanwa likawa bapa hufura na kurudia umbo lake. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo ni selulosi, dutu inayojenga kuta za seli za mimea, nayo huyapenda maji. Maji yakiingia kwenye kuta za nyuzi huzilegeza. Yakitoka, zinakakamaa tena.

Ratiba ya mmea wenyewe ndiyo inayowachanganya wakulima wengi. Ganda la mbegu ya dodoki ni gumu, kwa hiyo mbegu kavu ikifukiwa inaweza kukaa kimya muda mrefu. Kuiloweka kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa 24 husaidia. Inahitaji pia udongo wenye joto, zaidi ya nyuzi 20 za selsiasi, na hata hapo inaweza kuchukua wiki moja hadi mbili kuota. Wengi hukata tamaa siku ya tano na kufukua. Ifukie kiasi cha sentimita 2 hadi 3, uuweke udongo katika unyevu bila kuufanya tope, kisha usubiri. Mche nao haupendi mizizi yake isumbuliwe, hivyo ukioteshea kwenye kifuko, hamisha ukiwa bado mdogo na udongo wake wote.

Mdodoki ni mpandaji. Una nyuzi za kujisokotea kwenye chochote unachokipata, na shina lake laweza kurefuka mita kadhaa. Ukiuacha utambae chini utazaa, lakini matunda yanayogusa udongo hupinda na huoza upande wa chini kabla hayajakauka. Anayetaka sifongo aweke nguzo imara na waya, au kichanja cha urefu wa mita 2 hivi, ili matunda yaning'inie yanyooke na yapitiwe na hewa. Uimara huo si wa hiari: dodoki bichi lililojaa maji ni zito, na matunda kumi au zaidi yakining'inia pamoja yanaweza kuangusha kichanja dhaifu.

Tukija kwenye maua, ndipo malalamiko yanapozidi. Mdodoki una maua ya jinsia mbili kwenye mmea mmoja. Maua dume hutoka kwenye kishada, hufunguka machache machache kila siku, na baada ya kufunguka hudondoka. Ua jike hutoka peke yake, na unalitambua bila kuhitaji miwani: nyuma ya petali zake tayari pana kidodoki kidogo cha kijani. Ua dume lina kikonyo chembamba kitupu. Kwa kawaida mmea hutanguliza maua dume, wakati mwingine kwa wiki kadhaa, ndipo majike yafuate. Kwa hiyo mtu anayeona maua yakipukutika mwezi mzima bila tunda hana ugonjwa wa kutibu. Anayaona maua dume yakimaliza kazi yake. Inasikitisha kwamba wengi hununua dawa na kunyunyizia katika kipindi hiki, kwa sababu dawa nyingi za wadudu huua nyuki, na nyuki ndiye atakayehitajika majike yakianza kufunguka.

Uwiano wa maua dume na jike haukupangwa mara moja ukaisha. Mchana mrefu na joto kali huongeza madume. Siku fupi na usiku wenye ubaridi kidogo huongeza majike. Ndani ya mmea, kazi hiyo huendeshwa na homoni. Katika matango, ambayo yamechunguzwa kuliko ndugu zake wote kwa jambo hili, homoni iitwayo ethilini husukuma upande wa majike na ile iitwayo jiberelini upande wa madume. Naitrojeni nyingi nayo ina athari yake: mmea uliolishwa samadi mbichi au mbolea ya kukuzia kupita kiasi hujaza majani na kuchelewesha uzazi. Ukiona mdodoki umestawi kwa kijani kibichi cha kupendeza lakini hauzai, angalia kwanza unaulisha nini.

Ikiwa majike yapo lakini vitunda vinageuka njano na kudondoka vikiwa na urefu wa kidole, hapo kuna tatizo la kweli, na mara nyingi ni uchavushaji. Chavua haikufika. Dodoki laini hufungua maua mapema asubuhi. Lenye migongo hufungua jioni. Mung'unye pia hufungua jioni, maua meupe, na nondo ni miongoni mwa wadudu wanaoyatembelea usiku. Tofauti hii ya saa ni ya kuzingatiwa na yeyote anayechavusha kwa mkono: anayekwenda saa sita mchana anakuta karamu imekwisha. Kazi yenyewe ni rahisi. Chuma ua dume lililofunguka karibuni, vua petali zake, kisha gusisha chavua yake ya njano taratibu katikati ya ua jike. Ua dume moja linaweza kuhudumia majike mawili au matatu. Kama kitunda kimechavushwa na bado kinaharibika, kipasue uangalie ndani. Mara nyingi utakuta mabuu ya inzi wa matunda, mdudu msumbufu kuliko wote kwa familia hii. Kinga inayofanya kazi bila sumu ni kukivisha kitunda mfuko wa karatasi mara tu baada ya kuchavushwa, na kuyafukia kwa kina matunda yote yaliyoathirika badala ya kuyaacha chini ya mmea.

Baada ya hapo kinachoamua ni umri. Kwa kula, dodoki huchumwa changa, ndani ya wiki moja hadi mbili baada ya ua kufunguka, likiwa bado linakatika kwa kisu bila ubishi. Likichelewa siku chache tu huanza kuwa na nyuzi mdomoni. Kwa sifongo, kuanzia kupanda mbegu hadi kuvuna huchukua kiasi cha siku 150 hadi 200, kwa hiyo sehemu yenye msimu mfupi wa joto haiwafai wanaotaka sifongo ingawa inaweza kuwafaa wanaotaka mboga. Tunda lililo tayari ni jepesi ukilipima mkononi, ganda lake limegeuka njano au kahawia na limeachana na nyuzi, na ukilitikisa mbegu zinagonga ndani. Hapo ganda hubanduka kwa vidole. Kung'uta mbegu, suuza kwa maji mpaka utelezi uishe, anika. Dodoki linaloachwa kwenye mmea wakati wa mvua za mfululizo huota ukungu na kupata madoa meusi, na madoa hayo hayatoki yote hata ukilisugua.

Sasa uchungu, ambao ndio jambo zito kuliko yote katika makala haya kwa sababu linagusa afya.

Wanaosema tango huwa chungu kwa kupandwa karibu na dodoki wanaamini kuwa chavua ya mmea mmoja hubadili ladha ya tunda la mwingine. Kwanza, dodoki na tango ni jenasi mbili tofauti na hazizaani. Chavua ya dodoki kwenye ua la tango haizai mbegu. Pili, hata pale mimea inayoweza kuzaana inapochanganya chavua, nyama ya tunda la msimu huo ni mwili wa mmea mama. Mwanamke mjamzito habadiliki sura ili afanane na baba wa mtoto. Atakayefanana na baba ni mtoto, na utamwona akishazaliwa. Kwenye mimea hii mtoto ni mbegu. Mchanganyiko wa chavua huonekana kwa yule atakayeipanda mbegu hiyo msimu unaofuata.

Uchungu wenyewe unatokana na kundi la kemikali ziitwazo kukabitasini. Ndugu wa porini wa familia hii wamejaa kemikali hizo, kwani ndizo zinazowakinga dhidi ya wanyama na wadudu wengi wanaokula mimea. Binadamu, kwa kuchagua mbegu za matunda matamu vizazi kwa vizazi, alipunguza uchungu huo karibu kuumaliza. Mwaka 2014 watafiti walieleza jeni tisa zinazoshiriki kutengeneza uchungu wa tango, pamoja na swichi kuu mbili, moja ya majani na nyingine ya tunda. Kufuga tango kulikuwa, kwa sehemu kubwa, kuizima ile swichi ya tunda.

Uchungu unaweza kurudi kwa njia mbili. Mmea ukiteswa na ukame au joto kali, tunda linaweza kupata uchungu kiasi. Njia ya pili ni ya hatari zaidi: mbegu iliyotunzwa nyumbani baada ya maua kuchavushwa na ndugu wa porini au wa mapambo wa spishi ile ile. Kinachozaliwa hapo kinaweza kufanana kabisa na mung'unye au boga la kawaida huku kikiwa na kukabitasini nyingi za kutosha kumlaza mtu hospitali kwa kutapika, kuharisha damu na kushuka kwa shinikizo la damu. Nchini India, ambako watu wengi hunywa maji ya mung'unye bichi kwa imani kuwa ni tiba, yalitokea matukio ya sumu na hata vifo, na kamati ya wataalamu iliyoundwa kulichunguza jambo hilo ilishauri kwamba maji yenye uchungu yasinywewe kabisa. Mwaka 2018 daktari mmoja wa ngozi nchini Ufaransa aliripoti wanawake wawili walioumwa tumbo baada ya kula maboga machungu, kisha nywele zao zikadondoka kwa wingi wiki chache baadaye.

Kupika hakuondoi sumu hii. Sukari, chumvi au viungo huificha tu. Kanuni inayotosha ni kuonja kipande kidogo kibichi kabla ya kupika dodoki, mung'unye, tango au boga. Likiwa chungu kuliko kawaida, tema na utupe lote. Karela haihusiki na kanuni hii, kwa sababu uchungu ni hali yake ya kawaida na walaji wake wanaujua. Nawasihi hasa wanaoandaa maji ya mboga kwa mashine, kwani glasi moja hubeba tunda zima na humezwa haraka kabla ulimi haujapata nafasi ya kukataa.

Anayetaka kutunza mbegu zake mwenyewe kwa usalama afunge ua jike kwa kifuko siku moja kabla halijafunguka, alichavushe kwa mkono kwa ua dume lililofungwa vivyo hivyo, alifunge tena, kisha aweke alama kwenye kikonyo. Mbegu za tunda hilo ndizo za kupanda. Jambo hili lina uzito pia kwa anayelima dodoki laini na lenye migongo pamoja, kwa kuwa hizo mbili ni spishi za jenasi moja na zinaweza kuzaana, ingawa watoto wao mara nyingi huwa na uzazi dhaifu. Mbegu za dukani zilizoandikwa chotara nazo hazifai kutunzwa, kwa kuwa watoto wake hawatafanana na mmea uliokupendeza.

Pengine utauliza wanasayansi wanatafuta nini kwenye mimea hii iliyozoeleka. Kibuyu ni mfano mzuri. Asili yake ni Afrika, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walieleza mmea uliopatikana Zimbabwe ambao waliuona kuwa kibuyu mwitu halisi. Lakini mabaki ya vibuyu yamepatikana katika makazi ya kale ya Amerika yenye umri wa karibu miaka 10,000, muda mrefu kabla ya safari yoyote ya meli inayojulikana. Mwaka 2005 uchunguzi wa vinasaba ulielekeza kuwa vilipelekwa kutoka Asia na wahamiaji wa kale. Mwaka 2014 uchunguzi mpana zaidi uligeuza jibu hilo: vibuyu vya kale vya Amerika vilikaribiana na vya Afrika, na maelezo yanayokubalika zaidi sasa ni kwamba vilielea kuvuka Bahari ya Atlantiki. Kibuyu kikavu huelea miezi mingi na mbegu zake hubaki hai.

Kwa upande wa dodoki, jenomu, yaani ramani kamili ya vinasaba, za spishi zote mbili zinazolimwa zilichapishwa mwaka 2020. Huko Taiwan wakulima wa karela huunganisha mche wa karela kwenye shina la mdodoki, kwa kuwa mizizi ya mdodoki huvumilia mafuriko na ugonjwa wa mnyauko ambao ungeiua karela. Wahandisi nao wamepima nyuzi zake wakaona zinafyonza nguvu ya mgandamizo vizuri mno kwa uzito wake mdogo, na wengine huzitumia kushikilia vijidudu vinavyosafisha maji taka. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Marekani iliagiza madodoki kutoka Japani na mengi yake yaliishia kuwa vichujio vya injini za meli.

Madai ya tiba yanahitaji tahadhari zaidi. Mbegu za dodoki zina protini iitwayo luffini, ambayo huzuia seli kutengeneza protini zake, na maabara huichunguza kwa sababu hiyo hiyo. Kitu kinachoua seli kwenye kisahani cha maabara hakijawa dawa ya mtu, na kusaga mbegu hizo ili kuzinywa ni kujiweka hatarini.

Kwa anayelitumia dodoki kuogea, matundu yale yale yanayolifanya liwe jepesi hunasa ngozi iliyokufa na maji. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1994 ulionyesha kuwa bakteria wa aina kadhaa huongezeka humo na wanaweza kuhamia kwenye ngozi, hasa penye mkwaruzo. Lisuuze baada ya kuoga, likamue, ulitundike mahali penye hewa nje ya bafu ili likauke kabisa kabla ya matumizi mengine. Usilitumie kwenye ngozi yenye kidonda au iliyonyolewa muda huo huo, wala usimwazime mwenzako. Libadilishe kila baada ya wiki tatu au nne, au mapema zaidi likianza kunuka au kubadilika rangi. Lililochoka likatekate ulitie kwenye mboji, kwa kuwa huoza lote.